Mmemwachaje mgonjwa?

  

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya amana. Si amana ya fedha, ambayo tumezoea kuisikia mimbarini kila panapotokea ugomvi na mhazini wa msikiti. Nataka tuzungumze juu ya amana ya mgonjwa, pale anapotoka mikononi mwa mtu mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine.

Ipo hadithi ambayo wengi wetu tumeisoma tangu tukiwa chuoni, imepokewa na Abu Huraira (r.a.) na imo katika sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Mtume (s.a.w.) anatufahamisha kwamba wapo Malaika wa usiku na Malaika wa mchana wanaopokezana kwetu, na kwamba makundi hayo mawili hukutana katika Sala ya Alfajiri na Sala ya Alasiri. Kisha wale waliokuwa nasi usiku hupanda, na Mola wao huwauliza, ilhali Yeye anajua zaidi kuliko wao, wamewaacha katika hali gani waja Wake. Nao hujibu kwamba wamewaacha wakiwa wanasali, na walipowafikia pia waliwakuta wakisali.

Masheikh wetu huitumia hadithi hii kutuhimiza kuzilinda Sala hizo mbili, na ndiyo maana yake ya wazi. Mimi leo naomba nisimame mahali pengine kidogo. Tazama, ndugu yangu, jinsi zamu hiyo ilivyopangwa. Wa usiku hawaondoki kabla wa mchana hawajafika. Wanakutana, tena wanakutana pale pale alipo yule wanayemwangalia, paji lake likiwa chini. Kisha anayetoka zamu anaulizwa, na anayemuuliza ni Mjuzi wa yote ambaye hana haja ya ripoti ya kiumbe yeyote. Na wao hawajibu kwamba waja hawajambo wakaishia hapo. Wanaeleza walivyowaacha, na wanaeleza walivyowakuta.

Niliisoma hadithi hii miaka mingi bila kuifikiria hivyo. Walionifungua macho ni vijana. Hivi karibuni wanafunzi wa Kiislamu wanaosomea uuguzi waliniomba niwape darsa kuhusu amana kazini. Nikaenda na aya zangu na hadithi zangu kama kawaida. Nilipomaliza, binti mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ustaadhi, asubuhi tunapokabidhiana wagonjwa, nikisahau kumwambia mwenzangu jambo, na mgonjwa akadhurika, mwenye dhambi ni mimi niliyesahau au ni yeye aliyepokea bila kuuliza?"

Nilimpa jibu la haraka haraka. Kwa hakika sikumjibu, kwa sababu swali lile lilinirudisha katika wodi moja, mwaka 2013, na katika jambo ambalo nilikuwa sijapata kumsimulia mtu.

Mama yangu mzazi, Allah amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwaka ule kidonda cha mguu kilimzidi, akalazwa katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Jioni ya siku ya tatu daktari aliamua kwamba kesho yake asubuhi apelekwe chumba cha upasuaji kusafishwa kile kidonda. Akaandika kwenye faili kwamba kuanzia saa sita usiku mgonjwa asile kitu, na kwamba asubuhi asidungwe sindano yake ya insulini mpaka daktari amwone. Amri hizo mbili zinakwenda pamoja kama jozi ya viatu. Insulini hushusha sukari, na mgonjwa wa sukari anadungwa asubuhi kwa kuwa anakwenda kula. Ukimdunga dozi yake nzima naye hajala, sukari inashuka mpaka ubongo unakosa chakula chake, na mtu anaweza kupoteza fahamu, hata kufa.

Muuguzi wa jioni aliisoma amri ile, akamweleza wa usiku, akamweleza na dada yangu mkubwa aliyekuwa akilala na mama. Mpaka hapo amana ilikuwa salama. Asubuhi ikanyesha mvua, na wakazi wa Dar es Salaam wanajua mvua ikinyesha daladala zinakuwaje. Muuguzi wa mchana alichelewa. Wa usiku alikuwa ameacha mtoto mchanga nyumbani, akaandika kwenye daftari la ripoti, akaondoka. Nadhani walipishana getini. Baadaye muuguzi mkuu wa wodi alilisoma daftari lile mbele yetu, nami nakumbuka maneno yake mpaka leo: wagonjwa 38, wote wanaendelea vizuri. Basi. Katika hao 38 alikuwemo mama yangu, ambaye hakutakiwa kula wala kudungwa.

Getini pale pale ilikuwepo zamu nyingine inayopokezana, nayo ni yetu sisi jamaa. Ndugu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukaa na mgonjwa, kwa hiyo dada alitoka ndipo mimi nikaingia. Alinishika mkono akaniambia mambo mawili: mama hajala tangu usiku, na asidungwe sindano ya sukari mpaka daktari aje. Mimi nilikuwa na simu sikioni. Nilikuwa nikibishana na fundi kuhusu mabati ya madrasa yetu. Nikatikisa kichwa, nikamwambia, "Sawa dada, sawa, nenda kapumzike." Na simu ikaendelea.

Haikupita nusu saa, muuguzi wa mchana akaja na trei ya sindano. Alikuwa binti mdogo, mpole, hata sauti yake haikuvuka kitanda cha pili. Mama alikuwa amelala, homa ya kidonda imemchosha. Yule binti aliuliza. Nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwamba aliuliza. Alisema, "Baba, bibi ameshakunywa chai?" Juu ya kabati la kitandani kulikuwa na kikombe chenye mabaki ya uji. Ulikuwa uji wa jana jioni. Nikasema, "Ndiyo, nadhani ameshakunywa." Akamdunga.

Ilipokaribia saa tatu mama alianza kutokwa na jasho jingi, akawa anamwita marehemu baba. Nikamfuta, nikadhani ni joto la baada ya mvua. Aliyemwokoa, baada ya Allah, ni mama mmoja Mkristo aliyekuwa akimuuguza mkwewe kitanda cha jirani. Alisogea, akamgusa mama kwenye paji, akasema, "Baba, jasho hili si la joto," akatoka mbio kumwita muuguzi. Walipopima sukari mashine ilionyesha 1.8. Wakamtia glukosi ya mshipani. Baada ya dakika chache mama akafumbua macho na kuniuliza kama Adhuhuri imeshaadhiniwa.

Upasuaji ukaahirishwa kwa siku tano. Mama aliishi mpaka mwaka 2016 na akafariki kwa maradhi mengine, hakupata kujua yaliyotokea asubuhi ile. Lakini kisa hakikuishia kwenye glukosi. Kaka yetu alifika akiwa na hasira, muuguzi mkuu akaitwa, yule binti akasimamishwa katikati ya wodi kama mwizi, wagonjwa na jamaa zao wote wakitazama. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Nilimuuliza baba huyu." Wakageuka wote kunitazama. Nikasema sikumbuki kuulizwa.

Mimi. Ustaadhi, mwenye kofia kichwani na tasbihi mfukoni. Dada yangu naye alinitazama, na hakusema kitu siku ile wala siku nyingine yoyote.

Nimeieleza aibu hii kwa sababu nataka nirudi kwenye swali la yule mwanafunzi nikiwa nimevua joho. Sheria yetu inasema nini? Katika fiqhi, mtu aliyewekewa amana halipi ikipotea bila ya yeye kufanya uzembe au kuvuka mpaka. Akifanya uzembe, analipa. Na kusahau kwa bahati mbaya, Mwenyezi Mungu kwa rehema Zake amekusamehe. Basi suala lote linakuja kwenye neno hilo moja, uzembe. Je, mtu anayetegemea kumbukumbu yake tu, mwisho wa usiku wa saa kumi na mbili, kwa wagonjwa 38, na hali njia ya kuilinda amana ile inajulikana na ni nyepesi, huyo amesahau au amezembea? Na je, walio juu yake, wasiompa njia hiyo wala muda wa kuitumia, wao wana hukumu gani? Mimi si mufti, sitoi fatwa hapa. Lakini naona Waislamu tulikuwa watu wa mwisho wa kuuliza swali hili, maana dini yetu yenyewe imetufikia kwa kupokezana.

Fikiri juu ya wapokezi wa hadithi. Neno letu la Kiswahili limeyaunganisha mambo haya mawili: mpokezi wa hadithi na mpokezi wa zamu wanafanya kazi ya aina moja, kupokea kitu kutoka kwa aliyekuwepo na kukifikisha kwa asiyekuwepo. Wanazuoni wa hadithi waliwakataa waongo, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana kwa watu wa kawaida ni kwamba waliwadhoofisha pia watu wema kabisa, wacha Mungu, wenye kusimama usiku, kwa sababu tu kumbukumbu zao hazikuwa madhubuti. Imepokewa kutoka kwa Imamu Malik kwamba aliwadiriki katika Msikiti wa Mtume watu wengi ambao lau wangekabidhiwa hazina wangekuwa waaminifu, naye hakuchukua kwao hata hadithi moja, kwa sababu hawakuwa watu wa fani ile. Kwa hiyo wema wa mtu haukutosha. Muuguzi aliyeondoka alfajiri ile huenda alikuwa mwema kuliko mimi, na kwa hakika alikuwa mwema kuliko mimi.

Kisha tazama namna walivyohakikisha kwamba kilichosemwa ndicho kilichosikika. Sahaba al-Baraa bin Aazib (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alimfundisha dua ya kulala. Al-Baraa akairudia mbele yake ili aihifadhi, na alipofika karibu na mwisho akaweka neno la kumtaja "Mtume" mahali ambapo alifundishwa neno "Nabii". Mtume (s.a.w.) akamsahihisha pale pale, akamrudisha kwenye neno lile lile alilomfundisha. Sasa jiulize, lau al-Baraa angetikisa kichwa akasema "sawa, nimefahamu", kosa lile lingejulikana lini? Lilijulikana kwa sababu mpokeaji alirudia, na mtoaji alikuwa bado yupo anasikiliza. Hata Qur'an yenyewe, Jibril (a.s.) alikuwa akiipitia pamoja na Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho wa uhai wake akaipitia naye mara mbili. Na Urwa bin Zubeir, miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa Madina, alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama amelinganisha alichoandika na asili yake. Akasema hapana. Baba yake akamwambia kwamba basi hajaandika.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu deni. Allah (S.W.) anaamrisha liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye asomeshe, wawepo mashahidi ili mmoja akikosea mwingine amkumbushe, na tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono aya hiyo hiyo imeisamehe isiandikwe. Kwa nini? Kwa ufahamu wangu, ni kwa kuwa ile inaisha papo hapo, na deni linavuka siku, na kinachovuka siku kinapotea vichwani mwa watu. Mgonjwa anavuka siku na anavuka mikono. Sisi tunaandikiana shilingi elfu hamsini mbele ya mashahidi wawili, halafu uhai wa mama mzazi tunakabidhiana getini, simu ikiwa sikioni.

Niliporudi kwa wale wanafunzi wiki iliyofuata, safari hii mimi ndiye niliyekaa chini na wao wakasomesha. Waliniambia kwamba jambo hili limefanyiwa utafiti mkubwa. Utaratibu mmoja wanaofundishwa, unaojulikana kwa herufi SBAR, ulianzia kwa wanamaji wa Marekani wenye nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, mahali ambapo neno likipotea hakuna wa kuulizwa tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hospitali za Kaiser Permanente ziliuchukua zikaufanya wa kitabibu. Ni mambo manne kwa mpangilio: hali ya mgonjwa ilivyo sasa, historia yake, wewe unaonaje, na unapendekeza nini kifanyike. Faida yake kubwa, binti mmoja alinieleza, ni kwamba muuguzi mdogo anapomwamsha daktari bingwa saa nane usiku hahangaiki tena aanzie wapi, na daktari naye anajua lipi linafuata. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mambo tisa ya kulinda usalama wa wagonjwa, mawasiliano wakati wa kukabidhiana mgonjwa yalikuwa mojawapo.

Utaratibu mwingine unaitwa I-PASS. Huu ndio ulionifanya nikae kimya kwa muda. Anayekabidhi anaanza na uzito wa ugonjwa, yupi hatarini na yupi sivyo. Anafuatisha muhtasari wa mgonjwa, kisha kazi zilizobaki, kisha yale yanayoweza kutokea na la kufanya yakitokea. Jambo la tano si lake. Ni la anayepokea, naye anatakiwa ayarudie yote kwa maneno yake mwenyewe mbele ya aliyemkabidhi. Nikamkumbuka al-Baraa na dua yake.

Utaratibu huo ulijaribiwa katika wodi za watoto za hospitali tisa za Amerika ya Kaskazini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Walifuatilia zaidi ya wagonjwa 10,700 waliolazwa. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara ambayo yangeweza kuepukwa yakapungua kwa asilimia 30. Na muda wa kukabidhiana haukuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika. Ulibaki kama dakika mbili na nusu kwa mgonjwa.

Wapo watakaosema hayo ni ya Marekani. Basi mfano wa hapa nyumbani upo. Orodha ya kuhakiki upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania, pamoja na London, Toronto, New Delhi, Amman na kwingineko. Ni karatasi yenye mambo 19 yanayosomwa kwa sauti. Matokeo yalitoka mwaka 2009: ukijumlisha hospitali zote nane, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Na mwisho wa orodha ile, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, mpasuaji, mtoa dawa ya usingizi na muuguzi wanatakiwa waseme mbele ya wote ni mambo gani ya kuangaliwa kwa mgonjwa huyo anakokwenda. Ni kukabidhiana huko huko.

Kuna ndugu aliyeniambia, "Ustaadhi, mama aliandikiwa kuishi, na lau angefariki ingekuwa ndiyo siku yake." Ni kweli, na mwenye imani hana shaka na hilo. Lakini Umar bin Khattab (r.a.) alipokataa kuingia Sham kwenye tauni na akaulizwa kama anaikimbia Qadar ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia Qadar ya Allah kwenda kwenye Qadar ya Allah. Ajabu yetu ni kwamba Qadar tunaikumbuka aliyezembea akiwa mimi. Akiwa nesi, tunataka afukuzwe kazi.

Hoja ya uchache wa wauguzi ni nzito zaidi, na siipuuzi. Nilipiga hesabu mwenyewe: dakika mbili na nusu kwa wagonjwa 38 ni dakika 95. Hakuna muuguzi mmoja wa wodi ya namna ile atakayesimama saa moja na nusu kutoa ripoti baada ya kukesha. Anayewaletea wauguzi wetu karatasi ya Marekani na kuondoka amewaongezea mzigo tu. Lakini hata ule utaratibu wenyewe unaanza na uzito wa ugonjwa, maana yake waanze walio hatarini: anayekwenda kupasuliwa, aliyekatazwa kula, aliyebadilishiwa dawa usiku, anayetiwa damu, aliyezidiwa. Katika wale 38 labda walikuwa sita. Sita kwa dakika mbili na nusu ni robo saa. Robo saa hiyo ingetosha kumtaja mama yangu. Ila robo saa hiyo haipatikani kama zamu moja inakwisha dakika ile ile nyingine inapoanza, na hapa nawasemesha wenye hospitali, zikiwemo zile zinazomilikiwa na taasisi zetu za Kiislamu. Ziacheni zamu zikutane, na muda wa kukutana ulipeni kama kazi, kwa sababu ni kazi.

Na msimsimamishe muuguzi aliyekosea katikati ya wodi. Wale wanafunzi waliniambia kwamba anayemwona mwenzake akiadhiriwa hivyo hujifunza kuficha.

Sisi jamaa za wagonjwa nasi tuna letu. Katika nchi hii ndugu ni nusu ya wodi: ndiye anayelisha, ndiye anayeogesha, ndiye anayekimbilia dawa. Kwa hiyo nasi tunakabidhiana, na nasi tuandike. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha, likae chini ya mto wa mgonjwa. Hali tuliyomkuta nayo, alichokula na saa ngapi, alichokatazwa, nani amesema, kilichobaki. Anayeingia arudie kwa mdomo mbele ya anayetoka, ndipo huyo aondoke.

Na tuwaambie wauguzi yale tunayowaficha. Katika Ramadhani wapo wagonjwa wetu wanaofunga kimya kimya na kuzificha dawa za mchana chini ya shuka, wakati Allah amewaruhusu wale na walipe siku nyingine. Ikiwa umeamua kufunga na daktari amekubali, basi kila zamu inayoingia ijue. Wapo pia jamaa wanaoleta kombe na dawa za majani kwenye chupa ya maji na kuwanywesha wagonjwa muuguzi akipa mgongo. Sizungumzii hukumu ya dawa hizo leo, hilo lina mlango wake. Nasema tu kwamba anayeingia zamu ana haki ya kujua kilichomo tumboni mwa mgonjwa wake.

Siku hizi nikienda kumwangalia mgonjwa naacha simu kwenye gari. Wajukuu wananicheka kwa sababu nawalazimisha warudie kila ninachowatuma, hata kama ni sukari ya dukani.

Imebaki amana moja. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 112, Allah (S.W.) anamweleza mtu anayechuma kosa au dhambi kisha akamsingizia asiye na hatia, kwamba amejitwika dhulma ya uzushi na dhambi iliyo wazi. Nimeisoma aya hiyo katika Sala mara nyingi tangu mwaka 2013, na sauti imekuwa ikinipungua kila nikiifikia. Wiki tatu baada ya mama kuruhusiwa kutoka hospitali nilirudi wodini kumtafuta yule binti. Nikaambiwa amehamishiwa mkoani, na aliyenijibu hakujua ni mkoa gani. Sikuuliza zaidi. Nilitoka na, Allah anisamehe, nilihisi nimepumua.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa dada yangu, nikamweleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa. Alinyamaza kidogo, akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu alikiona kile kikombe alipokuja jioni, na uji ule aliupika yeye. Kaka yetu nimempigia simu, nimemwambia nani wa kulaumiwa.

Amebaki yeye, mwenyewe. Jina lake nalijua, lilikuwa kifuani mwake, ila si halali yangu kuliandika gazetini. Dada nesi, ikiwa unasoma ukurasa huu, au unasomewa na mtu: uliniuliza kama bibi ameshakunywa chai, nami nikakujibu ndiyo. Ulisema kweli mbele ya watu, na mimi ndiye niliyesema uongo. Naomba uniwie radhi, na kama utataka nije niseme hivyo mbele ya wakubwa wako wa kazi, mhariri wa gazeti hili anajua ninapopatikana.